Mtoto wa Kila Mtu

Jamaa zangu, sogeeni niwaambie jambo ambalo hapa Merrigan, kijiji chetu hiki cha kisiwani, tunalijua sote lakini tunalisema kwa kunong'ona. Mimi naitwa Merle. Nyumba yangu iko ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la akina Treloar, na mengi nitakayoyasema niliyaona kwa macho yangu. Yale ya ndani ya nyumba nimeambiwa na Kirrily mwenyewe, mama wa nyumba ile, naye ameniruhusu niyaseme, kwa sababu amechoka kusikia yakisemwa kombo.

Ilikuwa Jumapili ya mvua, mwezi wa nane. Jikoni kwa Kirrily jiko la kuni lilikuwa linanguruma, na pembeni palikuwa na sufuria ya wali, maana mtoto alikuwa hataki kitu kingine. Mumewe, Heath, alikuwa amejilaza chali kwenye kochi baada ya kukamua ng'ombe, na juu ya kifua chake amelala Ploy, msichana wa miaka miwili na ushei, waliyemleta kutoka Thailand majuzi tu. Walikuwa wamemsubiri miaka sita. Kirrily alikuwa amekaa sakafuni akiutazama ule mgongo mdogo ukipanda na kushuka, hathubutu hata kukohoa. Aliniambia kwamba laiti angekuwa na uwezo wa kuisimamisha dunia, angeisimamisha pale.

Ofisa wa ustawi wa jamii aliyewashughulikia, mama mmoja anayeitwa Anthea Voss, alikuwa amewapa sharti moja. Kwa miezi ya mwanzo, wa kumlisha mtoto, wa kumwogesha, wa kumbeba na kumbembeleza akilia ni baba na mama peke yao. Wageni watabasamu kwa mbali, kisha waende zao.

"Huyu ameshapita mikono mingi," Anthea aliwaambia. "Kwanza mama aliyemzaa, halafu kituo cha watoto, halafu mama mlezi aliyempenda kwelikweli. Hajui kama ninyi ni wazazi au ni kituo kingine cha njiani. Ni kazi yenu kumwonyesha, na maneno hayatoshi."

Wakaitikia. Kuitikia ni rahisi.

Basi mtoto akiwa bado usingizini, honi zikaanza kulia uani. Magari yalikuwa yamejipanga kama ya harusi, na wa kwanza kuingia, bila kugonga, alikuwa Noreen Treloar, mama yake Heath. Mnamjua Noreen. Na kama humjui, kijijini kwako yupo: mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, mwenyekiti wa mashindano ya keki, mwenye funguo za kila mlango na neno la mwisho katika kila kikao. Si mtu mbaya, nisije nikadhaniwa namsengenya. Mume wangu alipofariki, Noreen ndiye aliyewalisha kondoo wangu mwezi mzima bila kuombwa. Ila wema wake haubishi hodi.

"Jamani, mbona mnamficha mtoto kama mali ya wizi?" alisema, gambuti zake zikiacha tope sakafuni. "Ukumbi umejaa! Skonzi zinapoa! Mvisheni viatu twende."

"Mama, Anthea alisema kwa sasa..." Heath alianza.

"Anthea! Huyo Anthea amezaa wangapi?" Noreen alikuwa ameshafika kwenye kochi. "Mimi nimelea wanne, wewe ukiwemo, na hakuna ofisa aliyekuja kunisomea masharti. Mkono mmoja haulei mwana, Heath. Wewe umelelewa na barabara hii nzima, na hukufa."

Heath akamtazama mkewe. Kirrily akamtazama Heath. Kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aseme neno, na kwa kuwa hakuna aliyelisema, Kirrily akaenda kuchukua viatu. Ploy akaamka. Alipoviona vile viatu vidogo vyekundu, alikaa kitako, akanyoosha miguu yake mwenyewe ili avishwe. Noreen akapiga makofi kwa furaha. "Mnaona? Anataka matembezi!"

Desturi ya ukumbi wetu ni hii: mtoto mpya huzungushwa. Huanzia mikononi mwa bibi yake, akapita meza kwa meza, kila mtu akimpakata kidogo na kumnong'oneza neno la heri, mpaka amalize ukumbi na kurudi kwa mama yake. Watoto wetu wote huangua kilio wakiwa hawajafika hata meza ya pili. Watu hucheka, mtoto hurudishwa upesi kwa mama, na safari huendelea kwa vituo. Mimi nilizungushwa, wanangu walizungushwa, na sijapata kusikia aliyedhurika.

Ploy hakulia. Alipita mikononi mwa ukumbi mzima huku akitabasamu. Alimshika huyu shavu, akampapasa yule ndevu, akapokea biskuti kwa viganja viwili na kuinamisha kichwa kama alivyofunzwa kwao. Alipofika mwisho na kuwekwa kwa Kirrily, alimpa tabasamu lile lile alilowapa wengine wote, kisha akageuka na kumnyooshea mikono mtu wa jirani.

Ukumbi ukashangilia.

"Hana ugeni kabisa huyu!"

"Wangu mimi aliniganda kama kupe mwaka mzima!"

"Huyu ni wetu, Kirrily! Umetuletea mtoto wetu!"

Mimi nilikuwa kwenye sinki naosha vikombe. Nilimwona Kirrily akicheka pamoja nao, na nikaona vilevile jinsi mikono yake ilivyobaki imenyooka pale mtoto alipoondoka. Na wewe unayenisikiliza, hebu nikuulize: mtoto wa miaka miwili anapita kwa watu wasiomjua, lugha hawajui, harufu hawajui, wala halii. Hilo ni la kushangilia? Mbwa mdogo ukimtoa kwa mama yake hulia.

Toka siku hiyo kukawa na zamu. Noreen ndiye aliyezipanga, "ili mama mtu apumzike." Jumanne Ploy alikwenda kwa Coralie, mke wa fundi magari. Jumatano alikuwa kwa bibi yake. Ijumaa kulikuwa na mabinti wa netiboli waliomgombania kama mdoli. Kila asubuhi Kirrily alimvisha viatu, akampa kimkoba chake chenye nepi na nguo za akiba, akamkabidhi mtu mlangoni. Ploy alipunga mkono, "bai-bai," neno la kwanza alilojifunza kwetu, kisha akaenda bila kugeuka.

Mtauliza, kwa nini Kirrily alikubali? Nami nilimuuliza, siku moja tukiwa kwenye sanduku la barua, na sikumuuliza kwa upole.

"Watu wamemsubiri pamoja nasi miaka sita, Merle," alinijibu. "Kila mimba yangu ilipoharibika walileta chakula. Leo Mungu kanipa, niwafungie mlango?"

"Hawakuzaa wao."

"Wala mimi sikuzaa," alisema, akaingia ndani.

Hapo ndipo penye donda, na watu walikuwa wakilitonesha kila siku bila kujua. Maana huyo malaika wa ukumbini, nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine. Kirrily akimwogesha, mtoto alijikaza mwili mzima kama ubao. Akimlisha, alitema. Akimbusu, alimuuma, tena kuuma kwa kutoa damu. Halafu Coralie anakuja kumrudisha jioni, mtoto yuko mikononi mwake anacheka.

"Shoga, kwangu hana shida hata kidogo," Coralie anasema. "Kala viazi, kala nyama, kalala mwenyewe. Labda wewe unamkazania mno, eh? Watoto wananusa wasiwasi."

Coralie alidhani anasaidia. Kirrily alifunga mlango, akakaa kwenye ngazi za ndani na kulia huku mtoto akimtazama bila kumsogelea. Na kadiri alivyozidi kuamini kwamba yeye ndiye ubaya wenyewe, ndivyo alivyozidi kumtoa mtoto kwa wenye mikono mizuri. Zamu zikaongezeka. Noreen akaanza kumwita mtoto Poli, kwa sababu jina lake "halikai mdomoni," na mtoto akaitika Poli vilevile alivyoitika kila kitu.

Mwezi wa kumi Anthea akaja kukagua. Alipokaa tu, Ploy alimpanda mapajani, akachezea hereni zake, akamwekea kichwa begani. Kisha akateremka, akaenda kuleta viatu na kimkoba, akavileta mpaka miguuni pa Anthea na kunyoosha miguu.

Noreen, ambaye hakualikwa lakini alikuwepo, alicheka. "Anataka kwenda na wewe! Nilikwambia, mtoto wa watu wote huyu."

Anthea hakucheka. "Akiumia huenda kwa nani?"

"Kwa yeyote aliye karibu," alijibu Noreen. "Si ndiyo vizuri?"

"Nilimuuliza Kirrily."

Kirrily aliangalia mikono yake. Heath akasema, taratibu, "Kwetu haji."

"Basi nisikilizeni," Anthea alisema. "Bado hajawa wenu kisheria. Serikali ya kwao inangoja taarifa zangu, na mimi siandiki uongo. Nikiandika nilichokiona leo, wanaweza kusema hapana. Fungeni geti. Zamu ziishe leo, na safari hii mkisema ndiyo, iwe ndiyo."

Wakasema ndiyo. Na Anthea alipoondoka tu, Noreen akasema kwamba sawa, amesikia, yeye si mkaidi; ila Jumamosi ni maonyesho ya kilimo, na alishatangaza kwamba Poli ndiye atakayewavisha utepe washindi wa keki, na gauni limeshonwa. Siku moja tu. Baada ya hapo wafunge hata mbingu.

Kirrily alimtazama mumewe, akitumaini kwamba angalau mara hii atasema.

"Siku moja, Kirri," Heath alisema. "Unamjua Mama."

Maonyesho yetu mnayajua: kondoo, mashindano ya misumeno, matrekta yaliyopakwa rangi upya, keki zimepangwa kwenye meza ndefu na wanawake wanatazamana kwa jicho la pembeni. Ploy aligawa tepe, watu wakampigia makofi. Baada ya hapo Noreen alimpa Coralie amshike kidogo, yeye ana wageni wa heshima. Coralie akampa mmoja wa mabinti wa netiboli, kwa kuwa mumewe alimwita. Yule binti akampa mwenzake. Mwenzake akamwona Noreen kwa mbali, akamwambia mtoto, "Haya, nenda kwa bibi," akamwachia. Kila mmoja alikuwa na hakika mtoto yuko kwa mwingine. Ndiyo ubaya wa kitu cha wote.

Kirrily alipokuja kumchukua, mtoto hakuwepo kwa Noreen. Wala kwa Coralie. Mwanzoni watu walicheka, "Atakuwa kwa fulani!" Wakaenda kwa fulani, hayupo. Nikasikia kipaza sauti kikimtaja, kikimtaja tena, na sauti ya mtangazaji ikiwa imebadilika. Watu wakaanza kukimbia. Kuna mto nyuma ya uwanja, na wanaume wakaelekea huko moja kwa moja bila kuambiana. Heath alikuwa mbele yao, kofia imemwanguka, hakuiokota. Sijapata kuwaona wanaume wa Merrigan wakikimbia hivyo.

Alipatikana kwenye maegesho ya magari. Wazee wawili, mume na mke, wageni kutoka bara, ng'ambo ya bahari, walikuwa wamesimama kando ya gari lao wakitazamatazama huku na huku, mama mtu amekunja uso kwa mashaka. Ploy alikuwa ameketi ndani, kiti cha nyuma, kimkoba mapajani, mkanda ameuvuta kifuani kwa mikono yake.

"Alinishika mkono kwenye banda la asali," yule mama alisema. "Nikadhani yuko na mtu nyuma yetu. Akaja nasi mpaka hapa, akapanda mwenyewe. Tulikuwa tunataka kumrudisha, hataki kushuka. Ananiita mama."

Kirrily akafika akihema, nywele zimemtimka, akafungua mikono. "Ploy. Njoo. Njoo kwa Mama."

Umati wote ulikuwa pale. Noreen alikuwa pale. Mtoto alimtazama Kirrily kwa utulivu, akamtazama yule mgeni, akainua mkono wake mdogo.

"Bai-bai," akamwambia Kirrily, na kumpungia.

Kirrily alimtoa mtoto garini, mtoto amekakamaa kama ubao, akampeleka kwenye pikapu, wakaenda nyumbani.

Asubuhi yake, Jumapili, Kirrily alimpigia simu Anthea. Alisema, "Njoo umchukue. Mtafutie watu anaoweza kuwapenda. Mimi si mmoja wao." Heath alikuwa amesimama mlangoni akiyasikia hayo. Alikuwa mtu wa kukubali kila kitu maishani mwake, na siku hiyo aliona mwisho wa kukubali ulivyo.

Anthea alikuja kabla ya chakula cha mchana. Aliposikia yote, hakulaumu. Alimtazama Ploy, ambaye alipoona mgeni alikuwa ameshaleta viatu.

"Mmewahi kujiuliza kwa nini anapenda sana viatu?" aliwauliza.

Heath akasema, "Mama anasema anapenda matembezi."

"Kituoni walimvisha viatu, wakampa mfuko, wakamkabidhi kwa mama mlezi. Hakurudi kituoni. Mama mlezi alimvisha viatu, akampa mfuko, akamkabidhi kwenu, na yule mama alilia mpaka akashindwa kusimama, mlimwona. Mtoto hakurudi tena kwake. Sasa ninyi kila asubuhi mmekuwa mkimvisha viatu, mkampa mfuko, mkamkabidhi mtu mlangoni. Yeye alikuwa anaelewa nini?"

Kirrily alijiziba mdomo.

"Usidhani jana alikuaga kwa sababu hakupendi," Anthea aliendelea. "Alikuaga kwa sababu alidhani zamu yake imefika. Anajitahidi kuwa mtoto mzuri kwa kila mtu, kwa kuwa hajui yupi atabaki naye. Anayemuuma ni wewe tu. Anaogopa kukupoteza wewe, kwa hiyo anakuacha kwanza. Nikimchukua leo, Kirrily, nitamchukua. Lakini itabidi nimvishe viatu hivi."

Kirrily aliinama akaviokota vile viatu vyekundu, akaenda kwenye jiko la kuni, akafungua mlango wake na kuvitupa ndani. Soli za mpira zikaungua kwa harufu ya kuzimu, moshi ukajaa jikoni, wakafungua madirisha yote huku wakikohoa, na mtoto, akiwa katikati yao, alianza kulia. Kilio hasa, cha mdomo wazi na kamasi, cha kwanza tangu afike Merrigan. Alililia viatu vyake. Kirrily akakaa naye sakafuni katika moshi ule, mtoto akimpiga ngumi, wala hakumpa mtu mwingine amshike.

Jioni ile ile Heath alifunga geti kwa mnyororo. Noreen alipofika na pai yake, alilikuta hivyo, na mimi nilikuwa bustanini kwangu, sikuhitaji kutega sikio.

"Heath! Nini hii?"

"Geti, Mama."

"Naona ni geti! Unanifungia mimi? Mimi niliyekuzaa?"

"Nakufungia wewe, na Coralie, na wote. Mpaka Anthea aseme."

"Kwa ajili ya mtoto ambaye hata..." Noreen akasita.

"Malizia," Heath alisema. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Ambaye hata nini?"

Noreen aliiweka pai juu ya nguzo ya geti kwa nguvu mpaka ukoko ukapasuka, akapanda gari lake. Heath alibaki pale ameshika mnyororo.

Sasa msidhani kwamba geti likifungwa raha huingia. Miezi ile ilikuwa migumu kuliko ya zamu. Ploy aliyekuwa halii sasa alilia kila Kirrily alipokwenda msalani. Alirusha sahani. Alimuuma mpaka mikono yake ikawa na alama za meno za zamani na mpya. Heath aliacha kucheza mpira, akaajiri mtu wa kupanda viazi, na hata hivyo kazi ilimlemea. Na kijijini, oh, ndimi! Dukani nilisikia kwamba wamemfanya mtoto mfungwa. Kwamba Kirrily ana kichaa cha uzazi, na hakuzaa. Kwamba watu wamewapenda akina Treloar, nao wamewalipa kwa mnyororo. Coralie alipita barabarani na kugeuza uso asinitazame, maana nilikuwa nimeanza kuwajibu.

Noreen hakutoka kwake wiki kadhaa. Kisha asubuhi moja nikaona gari lake nyuma, kwenye banda la ng'ombe, ambako kuna njia yake ya pembeni. Alikuwa amekuja kukamua. Heath alipoingia bandani alimkuta amekaa kati ya ng'ombe na ndoo, hasalimii.

"Nimekuja kwa ng'ombe," alimwambia mwanawe bila kugeuka. "Sikuja kwenu. Nenda ukakae na mkeo."

Alikuja tena kesho yake, na baadaye akawa anakuja kila siku. Alifua nepi alizokuta zimelowekwa, akazianika, akaondoka. Wakati mwingine alisimama kidogo karibu na kamba ya nguo akitazama dirisha la jikoni, halafu anakwenda zake. Nilimhurumia, nasema kweli, na huruma hiyo sikuitaka.

Siku ninayotaka kuwamalizia ilikuwa ya joto, mwezi wa pili, viazi vinachimbwa. Noreen alikuwa amemaliza kazi yake, akaja mpaka kwangu kuazima ndoo, tukawa tumesimama sote wawili barabarani, mbele ya geti. Ploy alikuwa ndani ya geti, peku kama kawaida yake tangu siku ya moshi, anachokoachokoa udongo mwekundu kwa kijiti. Kirrily alikuwa mbali, juu kabisa karibu na nyumba, anaanua nguo.

Mtoto akakanyaga sisimizi, wale weusi wa kwetu wanaoruka, ambao mmoja tu akiuma humliza mwanamume mzima. Alipiga ukelele. Noreen alikuwa karibu naye kiasi cha mkono. Ndoo ikamtoka, akapitisha mikono yote miwili kati ya vyuma vya geti. "Njoo! Njoo kwa bibi, mpenzi wangu!"

Ploy alimtazama. Aliitazama ile mikono iliyomzungusha ukumbini, iliyomvisha gauni, iliyo tayari pale pale. Mguu ulikuwa umeshaanza kuvimba. Naye akageuka, akaanza kukimbia kupanda kilima chote kile, akichechemea, akianguka, akiinuka, akipiga kelele neno moja tu.

"Mama! Mama! Mama!"

Kirrily alitupa nguo zote chini. Walikutana katikati, na mtoto akamparamia, akamkumbatia kwa mikono na miguu, akauzika uso kifuani pake. Heath alikuja mbio kutoka shambani, akanyoosha mkono amwangalie mguu, na Ploy akamsukuma na kuzidi kumng'ang'ania mama yake. Kirrily alikuwa analia kwa sauti, bila haya, katikati ya shuka zilizotapakaa kwenye nyasi.

Nilimgeukia Noreen. Mikono yake ilikuwa bado imepita kwenye geti, mitupu. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni wala hayafuti.

"Umeona, Merle?" aliniambia. "Kanipita. Kanipita mimi kama sipo."

"Nimeona."

"Mungu ashukuriwe," alisema, akaitoa mikono yake taratibu.

FUNZO

Taarifa ya mwisho ya Anthea ilichelewa nusu mwaka kwa sababu ya mambo ya maonyesho, na kwa nusu mwaka huo Kirrily aliishi roho mkononi kila simu ilipolia. Hatimaye mtoto amekuwa wao kisheria. Lakini siku tuliyosherehekea Coralie hakuja, na wapo hapa Merrigan ambao mpaka leo hawawaamkii akina Treloar. Hayo nayo ni malipo, na yamelipwa na wasiostahili.

Basi jueni haya. Mkono mmoja haulei mwana, na sitawaambia vingine. Ila mtoto aliyenyang'anywa mama mara nyingi hahitaji mikono mingi. Anahitaji kwanza kujua mkono upi hautamwachia. Mkimpa mikono yote kwa pamoja, mmemrudisha kituoni, hata kama kituo hicho kina skonzi. Mtoto akienda kwa kila mtu bila kulia, msimsifu, mlilieni. Akina mama wakwe, wana wenu wakisema hapana, ni hapana. Nanyi waume, ile siku moja mnayoiomba kwa sababu "unamjua Mama" ndiyo inayokaribia kuwanyima mtoto.

Na wewe mwenye wema unaokuwasha, unayeona lazima usaidie, nenda ukasaidie. Kamua ng'ombe. Fua nepi, anika. Acha chakula kwenye nguzo ya geti. Kisha, tafadhali, ondoka.